Vigelegele Vitatu Nanyuki

Siku kambi ya ndege za kivita ya Nanyuki ilipofungulia raia milango, nyanya yangu alikuwa amevaa viatu kabla jogoo wa kijijini kwetu Giakanja hajawika. Mdogo wangu, rubani, angeruka mbele ya umma kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa na furaha mpaka nikatia chumvi kwenye chai.

Nyanya aliijua kambi hiyo kutoka nje tu. Zamani, ilipokuwa ikijengwa, babu alibeba mawe ya barabara ya kurukia ndege, na nyanya akawauzia vibarua githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, getini. Ndege ya kwanza ilipotua, wanawake wa getini waliipigia vigelegele vitano, kama tunavyompokea mtoto wa kiume. Wa kike kwetu hupigiwa vitatu. Mdogo wangu alipozaliwa alipata vitatu vyake, na jirani mmoja akampa nyanya pole. Pole hiyo haijawahi kumtoka moyoni.

"Leo watu watajua ni nani anaendesha hiyo ndege," alisema tukiwa njiani. "Wasipojua, mimi nimekuja bure."

Getini, askari alimshika mkono akavuka. Nyanya akakanyaga lami mara mbili kwa kisigino, akikagua kazi ya babu. Tulionyeshwa helikopta zinazopeleka chakula wakati wa mafuriko na kuwashusha wapanda mlima waliokwama. Sikusikia hata nusu ya maelezo. Macho yangu yalikuwa juu.

Kisha ndege ya mdogo wangu ikaja! Iliibuka upande wa mlima, ikatupita juu kwa kishindo, ikajipindua tumbo juu, nami nikapiga mayowe bila haya, mwalimu mzima. Ilipotua salama nilikuwa nalia. Akina mama wa kanisa moja la Kutus, waliokaa mbele yetu, wakainuka kwa vigelegele. Kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne.

"Ngojeni!" Nyanya alikuwa amesimama, mkongojo juu. "Mnapigia nani tano? Huyo ni msichana! Ni msichana yangu!"

Waligeuka wakamtazama kwa huruma. Mmoja akamwita nyanya kwa Kikuyu, polepole, "Cucu, keti tu. Hiyo ni ndege ya vita."

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini rubani alikuwa ameshashuka. Alitembea kuelekea kwetu, akapiga saluti, akavua kofia ngumu, na uso wa msichana ukaonekana. Halafu akamwona nyanya, akasahau jeshi lote, akapunga mikono yote miwili.

Yule mama wa Kutus alijishika mdomo. "Woi, cucu. Si basi tuanze tena?"

Nyanya alianzisha mwenyewe. Kimoja. Cha pili kikaitikiwa na jukwaa zima, wanaume wakipiga makofi. Cha tatu nilikivuta mpaka pumzi ikaniishia. Ndipo nyanya akainua mkongojo, na hakuna aliyethubutu kuongeza cha nne.