Nyama ya Katikati ya Sinia

Siku dada wa mume wangu aliponitoa kwenye sinia, ulikuwa mwezi wa tatu tangu kiharusi kiuchukue mkono wangu wa kulia. Tulikuwa Mtoni, kwenye harusi ya jirani yake. Wanawake watano tumelizunguka sinia la pilau, nami nikapeleka mkono wa kushoto kwa kuwa ndio pekee uliokuwa ukinisikia. Wifi akausukuma.

"Mkono wa chooni huo, hapa?" Akamgeukia mpakuaji. "Huyu mpe sahani yake na kijiko, akae kule ukutani."

Wale wengine wakaendelea kula. Nilikula ukutani, kijiko kikigonga meno, nikaapa kwamba iko siku nitakaa naye sinia moja, niimege nyama ya katikati kwa mkono wa kulia, niwagawie wote na yeye nimruke. Kwetu anayemega nyama ndiye mkubwa wa sinia, na anayerukwa hana pa kuificha aibu yake. Wagonjwa wengine huomba shifaa wapate kulea wajukuu. Mimi niliiomba nipate kulipiza, na sioni haya kusema.

Kuugua kwenyewe nilijitakia. Niliacha vidonge vya presha kwa sababu nilijiona mzima. Mwanamke wa bara aliyekuwa akininyoosha viungo hospitali alinipasha bila huruma.

"Mkono wako ni mzima, mama. Damu iliganda ikaziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo ndio unaouamrisha mkono wa kulia. Kipande kile kilikosa damu, kikafa. Sasa tunakifundisha kipande kingine kazi yake."

"Kitajua lini?"

"Ukikirudishia somo mara mia, na kesho mara mia tena. Na usikasirike. Ukikasirika misuli inakaza, vidole vinajifumba."

Nilicheka. Alikuwa ananinyima kitu pekee kilichonitoa kitandani.

Mama akaniletea miyaa, majani makavu ya kusukia, kutoka Matemwe, nikaanza kusuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, kama nilivyofundishwa utotoni. Ukili wa kwanza ulipinda hata kuku asingeulalia. Kila nilipopitisha mwaa juu ya mwenzake nilimtaja wifi. Siku nilizomtaja kwa uchungu mno, ngumi ilijifumba, ikabidi nivibandue vidole kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto. Basi nikajifunza kumchukia polepole, kwa pumzi ndefu. Vidonge nilivimeza kila asubuhi bila kukosa. Baada ya miezi mingi ukili ukanyooka, na niliposhika mwaa kwa nguvu nilisikia damu ikipiga kwenye ncha za vidole.

Kisha wifi akamuoza binti yake, kwenye ukumbi wa huku kwetu Amani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye sinia lake, nikakaa.

"Wifi, kijiko chako wanakuletea," akasema.

"Wasihangaike. Nshapona."

Kabla hajajibu nilikuwa nimeishika nyama. Nikamega, nikamuwekea wa kwanza mbele yake. Wa pili. Wa tatu. Mkono ulikwenda polepole lakini ulifika. Nilipomega pande la nne, langu mwenyewe, nikamtazama wifi usoni. Hasira zote za ule ukuta zikapanda, na vidole vikajifumba na nyama ndani, hapo hapo mbele yake.

Yeye akadhani ni lake. Akakinga kiganja.

Wanawake wakaacha kula. Nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa, nikaitoa, nikavuta tena. Vidole vikaanza kulegea, na nikajua kwa hakika kwamba nikitaka vitafunguka, nyama itamdondokea mkononi, na mambo yataishia hapo.

Nikavifumba tena. Safari hii niliamrisha mwenyewe, na vilitii papo hapo. Nikaipeleka nyama mdomoni mwangu, nikaitafuna taratibu, naye bado amekinga kiganja.