Mnazi wa Khului

Asubuhi ile nilitoka Gazi bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa na furushi la nguo, kitana, na sufuria ndogo niliyoifunga ndani ya kanga isigonge. Eda yangu ilikuwa imekwisha. Jirani yangu, aliyenitekea maji muda wote niliokaa ndani, alisimama mlangoni akaniuliza nitashika njia ipi. Nikamwambia nitajua nikifika barabarani.

"Shoga," alisema, "hata kuku akifunguliwa kamba hutazama kwanza."

Alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya leso. Barabarani niligeuka kusini, kwa kuwa kaskazini nilikuwa nimeshakuona.

Ndivyo nilivyokuwa tangu utoto. Shule niliiacha mapema. Mwalimu alikuwa ubaoni, na mimi nilikuwa dirishani. Nilipoolewa, katika miaka ile ya hamsini, watu walisema sasa nitatulia. Mume wangu alikuwa mkata boriti, mtu wa maneno machache, mikono yake ikinuka magome ya mkoko hata akitoka kuoga. Mahari yangu ilikuwa minazi mitatu michanga nyuma ya nyumba. Kwetu shamba huweza kuwa la ukoo na mti ukawa wako peke yako, kwa hiyo nilipewa minazi bila kupewa ardhi. Niliimwagilia mwenyewe mpaka ikazaa.

Lakini nilikuwa nikitoka. Nikisikia Kikoneni kuna ngoma ya kupunga pepo, nitakwenda kuiona, na huko nitasikia habari za Lungalunga, nipitilize. Nikirudi, mume wangu alinitilia maji ya kuoga wala hakuuliza nilikuwa wapi. Nilisimulia mwenyewe, naye akasikiliza huku akinoa shoka.

Siku moja nilirudi jioni nikamkuta amekaa kizingitini anakula, uso wake umeelekea njia. Pembeni yake palikuwa na sahani nyingine iliyofunikwa kawa. Nilidhani ana mgeni. Jirani ndiye aliyenieleza kesho yake kwamba sahani ile huwekwa kila siku ninapokuwa sipo, na kila usiku hupewa paka.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kutotoka nilikuwa siwezi, nilishajaribu. Lakini kumtoa mtu kizingitini nilidhani naweza. Nikamwambia aniache. Hakukataa. Aliuliza tu kama nimekula.

Tulikwenda pamoja kwa wakili aliyekuwa Msambweni. Hakuwa wakili wa Mombasa mwenye suti na karani. Alikuwa mzee wa kanzu, miwani yake imefungwa uzi, aliyewasemea watu mbele ya kadhi na kuwaandikia maombi yao. Alituuliza nani anamshitaki nani. Tukatazamana. Mume wangu akasema hakuna. Wakili akavua miwani.

"Tangu nianze kazi hii," alisema, "nyinyi ndio wa kwanza kuja mmeshika kikapu kimoja."

Akatueleza taratibu, kama anayefundisha watoto. Mke anayetaka kutoka hujikhului: humrudishia mume mahari, hata sehemu yake tu, na mume akipokea, talaka imefungika. Hawezi tena kumrejea mkewe, ila kwa nikaha mpya. Lakini mume akikataa kupokea kitu, akaacha hivihivi, basi ni talaka moja ya kawaida. Ndani ya eda akisema neno moja tu la kumrejea, mke amerudi.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu yangu. Nilimjua mume wangu na niliwajua wanaume wa kwetu. Mwanamume wa Gazi kupokea mnazi aliomwagilia mwanamke ni aibu ya kuimbiwa kwenye harusi. Nilisema nitarudisha minazi yote mitatu, moyoni nikiwa na yakini kwamba ataikataa. Ningekuwa nimeachwa, naye angekuwa ametoka kizingitini, lakini pangebaki upenyo. Nilitaka kwenda, na nilitaka awepo wa kuniita. Sikuona kwamba mambo hayo mawili hayakai chumba kimoja.

Siku ya kadhi tulikutana katika chumba kimoja cha afisi ya mudiri, mkuu wa serikali wa pale. Wakili alinisemea vizuri, hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Kadhi akamuuliza mume wangu kama anapokea. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, natazama miguu yake. Ilikuwa na matope makavu ya mikokoni.

"Napokea mmoja," alisema. "Miwili ni yake."

Kadhi akauliza ni upi. Akasema ule wa upande wa kisima. Kisha akatamka maneno kama alivyofundishwa, kwamba amenikhului kwa mnazi huo.

Gazi nzima ilicheka. Walisema afadhali angechukua yote, ajulikane ni bahili, kuliko kuchagua kama mnunuzi wa sokoni. Na mimi nilimchukia. Kwa muda wote wa eda nilikaa katika nyumba ile, yeye akalala kwa nduguye, nami nikamchukia kwa mnazi mmoja. Kila asubuhi nilikuta kuni zimepangwa mlango wa nyuma. Hakudaiwa kuni wala chochote. Zilikuwa zimekatwa kwa mshazari, mkato wake wa mkono wa kushoto. Nilizipikia, na niliendelea kumchukia. Kila siku nilisikiliza njiani kama kuna mtu aliyetumwa kuja kuniposa upya. Hakuja mtu.

Basi asubuhi ile niliyotoka, nilipofika Msambweni nilipita kwa wakili kuchukua cheti changu cha talaka. Nilimkuta barazani anakunywa kahawa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitilia kikombe. Aliponipa cheti sikuinuka. Nilimuuliza kama mume wangu alikuja kuulizia nikaha.

"Hakuja, mwanangu."

Nikasema sishangai, mtu anayehesabu minazi atataka nini tena. Nilikusudia iwe mzaha. Wakili aliweka kikombe chini.

"Alikuja kabla," alisema. "Siku mbili kabla ya kadhi, peke yake. Alitembea kutoka Gazi na kurudi Gazi kwa swali moja."

Nami nikakiweka changu.

"Aliniuliza, 'Sheikh, mti mmoja unatosha kufunga?' Nikamwambia unatosha, lakini kwa nini ufunge, na mke mwenyewe hujagombana naye? Akaniambia, 'Ukiniachia rejea nitamrejea. Nitamrejea kesho yake. Na yeye atakaa kwa kunihurumia, na atakauka.' Aliniomba nisikwambie mpaka eda iishe. Imekwisha."

Sikumbuki nilivyoaga. Nakumbuka kahawa ilikuwa na tangawizi nyingi, na koo liliniwaka mpaka nje ya mji. Nilisimama kando ya barabara, nikatazama kaskazini. Gazi haikuwa mbali. Ningefika kabla ya adhuhuri na kumkuta mikokoni. Ningesema nini? Kwamba nitakaa? Angenitilia maji ya kuoga, na usiku angelala akisikiliza kama nimelala.

Lori la bidhaa za duka likasimama. Dereva akauliza, "Dada, wapi?" Nikamuuliza yeye anakwenda wapi. Akasema Shimoni. Nikasema na mimi ni huko huko. Alicheka, akaniambia nipande nyuma, nikae juu ya magunia ya mchele, nisikanyage madebe ya mafuta ya taa. Nililia juu ya magunia yale mpaka Ramisi. Kisha mashamba ya miwa yakaanza, na kulikuwa na watu wanakata, na nikajikuta nimesimama kuangalia wanavyoshika panga. Nikajionea haya, lakini niliangalia.

Shimoni tulifika alasiri. Sikumjua mtu. Mwenye duka, akipokea mzigo wake, alinielekeza kwa bibi mmoja anayepangisha chumba cha uani. Nilipiga hodi. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka, hakuinua macho mpaka alipomaliza msuko. Nilimpa shikamoo, nikamwambia natafuta pa kulala. Akanitazama, akalitazama furushi, akaona sufuria inachomoza.

"Umeachika?"

Nikasema ndiyo, kwa khului.

"Alipokea mahari?"

"Alipokea mnazi mmoja."

Nilijiandaa kwa kicheko chake. Hakucheka. Alirudi kwenye ukili wake, vidole vikaenda kidogo, vikasimama.

"Mmoja katika mingapi?"

"Mitatu. Miwili ni yangu, ipo Gazi."

"Nani anaiangalia?"

Moyoni niliuona mkono wa kushoto wa mume wangu, ndoo, na njia ya kutoka kisimani ikipita kwanza kwenye mti wake, kisha kwenye miwili yangu.

"Yupo wa kuiangalia," nilisema.

Bibi akaniashiria chumba kwa kidevu. Kilikuwa na kitanda cha kamba, na ukutani msumari mmoja. Nilifungua kanga, nikaitungika sufuria.

"Utakaa siku ngapi?" aliniuliza kutoka uani.

Nikamwambia sijui, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilinichoma.