Wafanyakazi Wangu Hawakuja Kumzika Mama

Jamani, juzi tumemzika mama yangu, na hakuna mfanyakazi wangu aliyetia mguu makaburini. Hata wa dawa.

Naitwa Yuster. Nasimamia karakana ya kubangua korosho hapa Masasi. Kutoka karakana hadi kwa mama ni pua na mdomo.

Huku kwetu mwenzako wa kazini akifiwa, mnafunga kazi mnaenda. Wanawake wanateka maji, wanapika, wanalala mkekani na mfiwa.

Mimi nililia na majirani tu. Nilichemka.

Sheria nilishaiweka: ruhusa ya msiba ni kwa aliyefiwa na mzazi, mume au mtoto. Basi. Misiba haiishi, korosho atabangua nani?

Mbanguaji wangu mmoja, Dorika, alipofiwa mwezi uliopita, nilimkatalia ruhusa mbele ya wenzake.

"Mama mdogo si mama."

Akarudi kukaa, akawa anabangua huku analia. Nikajiona bosi kwelikweli.

Jioni baada ya maziko nikamwambia shangazi Ethel, "Hawa nawafukuza wote."

Shangazi akaniangalia. "Maji uliyooga leo, unadhani kateka nani?"

"Majirani."

"Wanawake wako hao. Wamekuja alfajiri ukiwa bado ndani, wameteka maji, wamepasua kuni, wamepika uji. Kulipokucha wakatoka mbio kuwahi geti lako. Wameniomba nisikwambie."

"Kwa nini hawakuomba ruhusa?"

"Wamuombe nani, mwanangu? Si wewe uliyesema msiba wa mzazi wa mtu mwingine hauwahusu?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Watu wamekuja kwenye msiba wangu kwa kujificha, na wanayemficha ni mimi niliyefiwa.

Leo asubuhi nimeenda kuwaomba radhi. Nilipoingia tu, maongezi yakakatika. Dorika akainuka, mikono imebabuka kwa mafuta makali ya maganda ya korosho. Ni rika la mama yangu yule.

"Shikamoo bosi. Pole na msiba."

Na mimi, kwa mazoea, nikajibu, "Marahaba."

Mama mzima ananiamkia kila siku, nami naitikia bila haya. Radhi sikuiomba. Nikaingia ofisini, nikafunga mlango.

Wewe unayeongoza watu, wakinyamaza ukiingia usidhani ni heshima. Wanakuogopa, na watu wanaokuogopa hawawezi hata kukulilia msiba wako waziwazi.

Bado niko humu ofisini, naandika haya huku nawasikia wanavyobangua kimya kimya. Nikifungua mlango, wa kwanza nitakayemwamkia shikamoo ni Dorika.