Kravati ya Shimo la Takataka

Cheka mukitaka, bandugu, maana leo na mimi ninacheka, lakini siku ile nilitaka udongo wa Kindu unimeze muzima muzima.

Nilikuwa mwalimu mupya wa historia, nafundisha wale watakaokuwa walimu, na enspekta alikuja kusikiliza somo langu moja tu: akiridhika, nathibitishwa kazini, akikataa, narudi Pangi kulima muhogo kwa baba mukwe (anayesema tangu zamani nina mudomo mukubwa kuliko jembe). Somo lilikuwa utangulizi wa nadharia za akiolojia, elimu ya kusoma maisha ya watu katika vitu walivyoacha udongoni. Nikaona nikiandika ubaoni tu enspekta atasinzia, afadhali tuchimbe, na kwa uvivu wangu, badala ya kupeleka wanafunzi mbali kandokando ya muto, nikawaleta nyuma ya nyumba yangu, kwenye shimo la takataka lililokwisha kufunikwa. Uvivu ule njo ulinimaliza.

Nikaeleza kwa mbwembwe: nadharia ya kwanza inauliza kitu hiki ni cha watu gani, ya pili inauliza walikifanyia nini, ya tatu inauliza mwenyewe alikuwa na nini moyoni. Enspekta akatikisa kichwa kukubali, abacost yake safi, koti lililofungwa mpaka shingoni, beji ya Chama kifuani. Chini ya majivu, Feza, mwanafunzi wangu hodari, akatoa furushi la gazeti, akalifungua.

Kravati, tai ya shingoni. Nyekundu, ya ndoa yangu! Wakati ule kravati ilikuwa imekatazwa inchi nzima, ni vazi la mukoloni, na mimi nilikuwa nimemwambia bibi niliyeoa, Mama Sifa, aichome.

"Citoyen mwalimu," enspekta akasema polepole, kwa neno lile la "mwananchi" tulilolazimishwa kuitana, "endelea na somo."

Jasho likanitoka mpaka ndani ya viatu. "Swali la kwanza," nikasema, "ni ya watu gani?"

"Ya Wazungu," Feza akajibu.

"Njo vile! Mubelgiji wa reli alikaa nyumba hii!" (Loo, nilivyompenda mutoto wa watu dakika ile.)

"Lakini, mwalimu, gazeti linasema Zaïre. Wabelgiji walitawala inchi ikiitwa Congo. Muntu aliyeizika alikaa hapa wao wamekwisha kwenda." Akaigeuza mukononi. "Na kitu cha kutupwa hakikunjwi vizuri hivi. Ilifichwa. Mwenyewe aliipenda, alitaka siku moja kuirudilia."

Maskini, nadharia zote tatu, bila kosa hata moja! Nikageuza macho, nikamuona Mama Sifa kwenye mulango wa jikoni, mukono kwenye mudomo, machozi yanamulengalenga. Hapo nikaelewa. Hakuichoma hata kidogo.

"Nani aliizika?" enspekta akauliza.

Nikisema ukweli, watamuchukua bibi yangu. Nikisema uongo, ni mimi.

"Mimi, citoyen."

Akaniangalia, akaangalia mulango wa jikoni, akaniangalia tena. Kisha akaandika katika daftari lake, akasoma kwa sauti: somo limeeleweka na wanafunzi, mwalimu athibitishwe. Sijapumua bado, akaongeza: "Posho, kwa salongo, utafagia soko na hii shingoni."

Basi Posho, ndiyo Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha muji, nikafagia soko zima na kravati ya harusi, akina mama wa mboga wananipigia vigelegele, "Bwana arusi! Bibi iko wapi?", na mimi nainamisha kichwa, ile kravati inazoa vumbi mbele ya ufagio. Haya gani ile!

Jioni Mama Sifa aliifua, akaikunja vizuri kama mwanzo. Na mimi niliapa: sichimbi tena shimo la nyumba yangu bila kumuuliza yeye kwanza. Nilikuwa nafundisha kusoma mioyo ya watu waliokufa zamani, kumbe moyo wa muntu ninayelala naye chumba kimoja sikuwa nimeusoma.