Tiketi za mechi kwa mihuri ya kadi: yaliyotukuta tawi letu la Kisarawe, miaka ya Ujamaa

Wakuu, heshima zenu. Wadogo zangu hamjambo, wenye umri wangu poleni na magoti.

Nimesoma humu mnavyobishana kuhusu pointi za uaminifu. Eti shabiki anayehudhuria mechi nyingi ndiye awe wa kwanza kupata tiketi ya mechi kubwa. Wengi mnasema ni haki tupu.

Mimi nimechoka na huo ubishi kabla hamjaanza, kwa sababu niliuishi. Nasimulia nilichokiona mwenyewe. Sina cha kuongeza, na umri huu sina nguvu za kutunga.

Ilikuwa miaka ya sabini, vijiji vya ujamaa vimeshapamba moto. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi huko Mzenga. Sina mke, nina baiskeli. Kwa zama zile baiskeli ilikuwa kitu kikubwa, msicheke.

Tawi letu la timu lilikuwa Kisarawe mjini. Jina la timu naliacha, nisije nikaanzisha vita humu.

Kila mechi kubwa Dar, makao makuu walituletea tiketi chache. Na kila mara ziliishia kwa shemeji wa katibu, mpwa wa mweka hazina, jamaa wa jamaa. Sisi wengine tunabaki na redio.

Akaja mwenyekiti mpya, Mzee Mwinshehe, fundi cherehani. Mtu mnyoofu kuliko rula. Akaleta utaratibu: ukienda mechi yoyote ya timu, kadi yako inagongwa muhuri. Mechi kubwa ikija, wenye mihuri mingi ndio wanapata tiketi. Hakuna cha undugu.

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mimi nikiwa mmoja wao.

Kadi yangu ilijaa haraka. Jumamosi sina kipindi, napanda baiskeli hadi Kisarawe, nadandia lori la tawi, jioni narudi. Raha mustarehe.

Sasa hapo Mzenga alikuwapo mama mmoja, Bi Tatu, mjane. Mwanaye Kondo alikuwa winga, anakimbia kama anafukuzwa na nyuki. Timu ilimwona kwenye mechi ya kirafiki Kisarawe, ikamchukua Dar. Msimu uleule akapandishwa kikosi cha kwanza.

Ikafika mechi ya kuamua ubingwa.

Bi Tatu akanifuata nyumbani. Nikamwamkia, akaitikia, akatoa kadi ya tawi kwenye pindo la kanga. Ilikuwa imechakaa. Alijiunga kabla yangu, mwaka ambao Kondo bado anachezea mpira wa matambara. Lakini haikuwa na muhuri hata mmoja.

"Mwalimu, sijawahi kumwona mwanangu akicheza kwenye uwanja wa mjini. Nisemee kwenye mkutano."

(Msiniulize kwa nini Kondo hakumtumia mama yake tiketi. Alikuwa mgeni kambini, hana sauti, na barua ilikuwa inafika ikijisikia.)

Mkutanoni nikasimama, nikaeleza. Mzee Mwinshehe akasikiliza hadi mwisho. Akasema taratibu:

"Mwalimu, leo tukimpa mama wa mchezaji, kesho atakuja shemeji wa katibu. Si huko tulikotoka?"

Watu wakaguna kukubali. Ndipo Bi Tatu akainuka.

"Mwenyekiti, mimi siombi kwa jina la Kondo. Naomba kwa kadi yangu. Huyu mwalimu kanikuta humu."

"Kadi yako haina mihuri, dada yangu."

"Jumamosi nipo shamba la kijiji, nalima mihogo. Zamu sikujipangia. Nikikosa, naitwa mtoro. Nikienda, nyie mnasema siipendi timu. Sasa mlitaka nijigawe?"



Wakuu, nyuso zile nazikumbuka. Kila mtu alijua mama anasema kweli, na kila mtu alikuwa anaiwazia tiketi yake.

Ikapigwa kura ya mikono. Tukashindwa vibaya.

Nikauliza kama naweza kumwachia yangu. Mzee akakataa: tiketi ni ya mwenye kadi, usipoitaka inakwenda kwa anayefuata. Lakini moyoni nilishaamua.

Bi Tatu alikuwa na mdogo wake Kariakoo. Nikamwambia akubali kuitwa mtoro mara moja, atangulie kwake kwa basi, siku ya mechi anisubiri karibu na geti. Tukakutana. Nikamtia tiketi mkononi, nikamsukuma aingie kabla hajaanza kukataa.

Mimi nikabaki nje, nimekaa na muuza karanga mwenye redio. Uwanja unanguruma nyuma ya ukuta, na mimi nasikiliza mtangazaji kama niko Mzenga. Nikangoja jina la Kondo. Halikutajwa.

Tulishinda. Watu wakatoka wanaimba. Bi Tatu akatoka katikati yao.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Alikaa mwisho wa benchi. Kavaa viatu vipya. Anavifunga, anavifungua, anavifunga tena, mpaka mpira umekwisha."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Amenenepa. Wanamlisha."

Akataka kumsalimia, lakini basi la wachezaji lilishaondoka.

Kwenye lori la kurudi watu walishajua: walimwona Bi Tatu uwanjani, mimi hawakuniona. Siku chache baadaye Mzee Mwinshehe akaniita kibandani kwake. Alikuwa anashona, hakuinua uso.

"Mwalimu, ulichofanya ni cha kiungwana. Ila nikikusamehe wewe, nitamsamehe nani tena?"

Mihuri yangu yote ikafutwa. Nikaanza upya, kisha nikachoka, nikaacha.

Nilimchukia yule mzee muda mrefu. Mpaka mkewe aliponieleza kwamba siku ya ubingwa mumewe alikuwa nyumbani na redio. Msimu ule malaria ilimlaza, akakosa mechi, mihuri yake haikutosha. Viongozi wenzake walimbembeleza achukue tiketi, akagoma.

Kondo alicheza mechi za kuhesabika, akaumia goti, akarudi kwenye korosho. Mama yake hakuwahi kumwona akigusa mpira katika uwanja ule.

Utaratibu nao ukafa wenyewe. Watu walijifunza kupanda lori, kugongewa muhuri, kisha kwenda zao Kariakoo kununua sukari.

Nilichojifunza: muhuri ulituambia nani alikuwa na Jumamosi yake na njia ya kufika. Kuhusu nani anaipenda timu, haukutuambia kitu. Lakini tulipoacha mihuri, mashemeji walirudi.

Kama pangekuwa na mwizi kwenye habari hii ningemtukana nikalala vizuri. Hapakuwa na mwizi. Mama alikuwa na haki, na mzee alikuwa na haki, na tiketi ilikuwa moja.

Nyie mngempa nani? Andikeni hapo chini, nitasoma zote. Ila msiniandikie kwamba jibu ni rahisi.