Alasiri Baba Alipotupwa Chini

Juzi nilimwona mcheza kachi akibwagwa kwenye televisheni, nikamkumbuka baba, aliyecheza mieleka hiyo kwetu Rumonge. Alasiri ile uwanja ulinuka mawese na vumbi. Mpinzani wake, aliyejipaka majivu mwili mzima, alimnyanyua juu akamtupa chini, na baba hakuinuka. Ngoma zikanyamaza. Nikaanza kulia.

"Nyamaza, mutoto wangu," mama alininong'oneza. "Papa iko anacheza tu."

Nilimwamini, nikacheka. Hatimaye baba aliinuka polepole, watu wakashangilia. Nilipokuwa mtu mzima ndipo aliponieleza: yeye na mpinzani wake walipatana aangukie mgongo, akaangukia shingo, na wakati mimi nacheka, yeye alikuwa akijaribu kusogeza miguu, isimsikie.