Jembe Safi ya Siku ya Wazazi

Kwetu Bukavu sikukuu haziishi. Siku ya Bonané, mwaka mupya, watoto wa jirani wanapiga mulango tangu asubuhi, "Bonané! Bonané!", na usipowapa mandazi hawatoki. Tarehe nane ya mwezi wa tatu, siku ya wanawake, wote wanavaa kikwembe cha kitenge, na ole wako mwanaume ukiuliza chakula iko wapi. Hizo zote tunazifanyia hapa mujini. Lakini tarehe mosi ya mwezi wa munane, sikukuu ya wazazi, lazima tuvuke ziwa mpaka kisiwa cha Idjwi, kwa maman, mama yetu.

Desturi inajulikana: asubuhi tunapalilia kwa jembe makaburi ya wazazi waliokufa, kisha tunakula na walio wazima. Mwaka juzi kaburi ya papa, baba yetu, ilitukulia siku yote. Bugali ya maman tuliimeza tukiwa tumesimama, tukakimbilia bato, ile mashua ya kurudi mujini. Akawaka kabisa: "Wafu wanapata asubuhi, mimi muzima napata mabaki! Mukirudilia, munihesabu na wafu. Mukuje na jembe tu, bugali hakuna."

Na maman hatishi bure. Mwaka jana tuliondoka mapema, lakini katikati ya ziwa mashine ya bato ikazimika. Mungu wangu! Tukafika saa nane, na bato ilikuwa inarudi saa kumi.

Yaya, kaka yetu mukubwa, akabeba jembe begani, akashika njia ya makaburi. "Desturi ni desturi," akasema. Mimi kitinda mimba, ambaye hata siku moja sikuwa nimemujibu, nikamunyang'anya ile jembe. "Leo hapana! Tunaanza na maman." Akaivuta, lakini sikuiachilia.

Maman alikuwa mulangoni, mikono kiunoni. Alichukua jembe, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye chuma akitafuta udongo.

"Haijagusa kaburi?"

"Bado, Maman."

Akaitupa kule, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Sambaza, zile dagaa za ziwa, mboga ya lengalenga, nanasi, kasiksi, pombe ya ndizi: mara hii tulikula tukiwa tumekaa. Tukacheza, tukataniana, nikafurahi mpaka machozi yakanitoka.

Yaya peke yake alikuwa anaangalia saa. "Maman, na papa tutamwambia nini?"

"Papa yenu hana njaa," akasema, akimuongezea sambaza. "Na akiniuliza siku nitafika kule, nitamujibu mie mwenyewe."